Mapatano Arobaini na Moja ya Marehemu Presentacion Catalbas Sumagaysay

Baba Paroko, Kapitani na wajumbe wa baraza la kijiji chetu cha Tabuk, ndugu, jamaa na jirani mliokaa nasi msibani siku zote tisa, familia ya Catalbas na familia ya Sumagaysay zinawasalimu kwa jina la Bwana, na kabla hatujamtoa dada yetu kanisani kumpeleka makaburini, zinaomba mkae kwa utulivu msikie alikotoka, alikopita na alivyoondoka.

Marehemu Presentacion alizaliwa siku ya Jumatano tarehe 21 Novemba 1951, hapahapa Tabuk, mji wa Lanitan, mkoa wa Iloilo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Fortunato Catalbas, mkulima wa mpunga, na mama Soledad, na kwa kuwa siku hiyo Kanisa hukumbuka kutolewa kwa Bikira Maria hekaluni, jina lake halikuwa na mjadala, ingawa sisi wadogo zake tulimwita Manang Presing tu, kama mdogo anavyomwita dada mkubwa, na baadaye kijiji kizima kikamwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri.

Alisoma shule ya msingi Tabuk kuanzia Juni 1958 hadi Machi 1964, akaendelea na sekondari ya parokia Lanitan hadi mwaka 1968, kisha baba yetu akauza nyati mmoja ili aende Iloilo mjini kusomea ukatibu, ambako alikaa miaka miwili akajifunza hati mkato na kupiga taipu, na alirudi nyumbani Aprili 1970 akiwa na cheti, na tabia ya kupanga kila kitu kwa tarehe, hata risiti za mbolea.

Alifunga ndoa takatifu na Bwana Eleuterio Sumagaysay, msimamizi wa mabwawa ya samaki aina ya mwatiko, siku ya Jumamosi tarehe 27 Aprili 1974, katika kanisa hili, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nenita aliyezaliwa 1975, ambaye ni muuguzi Riyadh na amefika juzi, Gaudioso aliyezaliwa 1978, ambaye ni baharia na meli yake imemkatalia kushuka, na Roselyn aliyezaliwa 1983, mwalimu, ambaye ndiye aliyeishi naye hadi mwisho, pamoja na wajukuu watano.

Kikazi, marehemu alianza kama karani wa chama cha ushirika cha wakulima mwaka 1971, akakaa hapo miaka kumi na saba, na tarehe 16 Januari 1989 akateuliwa kuwa katibu wa kijiji, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana historia itakuwa ndefu kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alituagiza sehemu hii isifupishwe.

Wengi mnajua kwamba watu wa kijiji wakigombana huitwa kwanza ofisini kwa Kapitani, mkuu wa kijiji, wakakalishwa mezani, na yakiisha huandikwa mapatano na kutiwa sahihi, na kwa miaka mingi ndivyo yalivyoandikwa hata magomvi ya mume na mke, na aliyeyaandika ni Manang Presing, kwa maneno aliyoyarithi kwa katibu aliyemtangulia, kwamba kila upande umekiri kumpiga mwenzake na kila upande umesamehe, kwa sababu mwanamume hakubali kutia sahihi karatasi inayomtaja yeye peke yake, na bila sahihi yake mke hawezi kurudi nyumbani siku hiyo. Alituambia kwamba wakati ule aliona ni huruma, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Tarehe 6 Mei 2000 marehemu alisimamia ndoa ya Virgilio Solinap, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na Merlinda, na kwa desturi yetu msimamizi wa ndoa, anayeitwa Ninang, ni mama wa pili wa wanandoa, wakikosana anawaita, na wakipatana ni sifa yake. Mwaka 2003 walikosana, Merlinda akaja na jicho lililofumba, akakaa mezani na mumewe, na Virgilio akasema mbele ya watu, "Ninang, andika na yeye alinikwaruza. Nikitoka hapa na karatasi inayonitaja mimi tu, wabeba magunia watanicheka mpaka pumba ziote." Manang alimtazama Merlinda, na Merlinda akasema, "Andika tu, Ninang, watoto hawajala," naye akaandika.

Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kuwalinda wanawake na watoto wao dhidi ya ukatili wa nyumbani, nakala yake ikaletwa ofisini ndani ya bahasha ya kaki, Kapitani wa wakati huo, marehemu Hilario Padernal, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua. Manang aliifungua Agosti 2004, akaisoma yote, akaona imeandikwa wazi kwamba kiongozi wa kijiji haruhusiwi kumshawishi mwanamke aliyepigwa apatane na aliyempiga, na kwamba kazi yake ni kutoa amri ya ulinzi siku hiyohiyo. Pamoja na kuyajua hayo, Novemba 2005 Merlinda alipokuja mara ya pili, Manang aliwapatanisha tena, kwa sababu alikuwa Ninang wao na aliona aibu ndoa aliyoisimamia ivunjike mikononi mwake, na hilo alilitaja kuwa kosa lake, na alitaka litajwe kanisani. Karatasi hiyo ndiyo ya arobaini na moja na ya mwisho.

Siku ya Jumanne tarehe 12 Februari 2008, saa mbili asubuhi, Merlinda alifika ofisini kwa miguu na watoto wawili, mkono wa kushoto umefungwa kwa taulo, hakukaa kwenye kile kiti cha mezani, akasimama mlangoni akasema, "Ninang, leo usitupatanishe." Manang akaingiza karatasi kwenye mashine ya taipu, akapiga amri ya ulinzi, akampelekea Kapitani, na Kapitani akasema, "Taratibu, Manang. Mwite Virgilio kwanza tukae, huyu ndiye aliyetupa saruji ya kituo cha afya." Manang akaiteremsha ile bahasha juu ya kabati, akaipangusa vumbi kwa sketi yake, akamwekea kidole kwenye mstari, akamwambia, "Soma hapa, Kapitani. Tukiwakalisha mezani, wa kushtakiwa ni sisi." Kapitani akasoma, akatia sahihi kama mtu anayeuza nyati wake pekee. Amri hiyo ilikuwa ya siku kumi na tano, na kabla hazijaisha Mahakama ya Familia Iloilo ilitoa nyingine, kwamba Virgilio atoke katika nyumba ile, Merlinda na watoto wabaki, na asiwakaribie kwa mita mia mbili.

Virgilio aliweka wakili, na wakili hakubishana sana juu ya mkono uliovunjika, alibishana juu ya sheria yenyewe, akasema Katiba inampa kila mtu ulinzi sawa, sheria hii ina sikio kwa mwanamke aliyepigwa na haina sikio kwa mwanamume aliyepigwa, inamtoa mume nyumbani kwake kwa sababu tu ni mume, kwa hiyo ni batili, na ikiwa batili, amri iliyozaliwa nayo ianguke. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, Manang mwenyewe alisema hivyo, na hatutaidharau hapa mbele ya jeneza.

Wakili huyo aliandika barua kuomba nakala za mapatano yote ya mume na mke yaliyowahi kuandikwa Tabuk, na kwa kuwa ni haki ya mtu kuomba nyaraka za umma, Manang alizitoa zote, akazipanga kwa tarehe, akazigonga mhuri moja moja, akazifunga kwa uzi, akazipeleka kwa mkono wake, na hakujua zilitakiwa kwa kazi gani mpaka Merlinda alipomletea nakala ya hoja za mahakamani, ambamo ziliambatanishwa zote arobaini na moja, kama ushahidi kwamba katika kijiji hiki, kwa miaka kumi na sita, waume na wake wamekuwa wakipigana sawasawa, na wamekiri wenyewe kwa maandishi. Roselyn anakumbuka mama yake alisoma akiwa amesimama jikoni, akazima moto wa wali, wali ukabaki mbichi, na hakuna aliyethubutu kuuwasha tena.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani wake, na tunaomba ueleweke. Angenyamaza, karatasi zake zingesema kwa niaba yake, na Merlinda na watoto wangeweza kupoteza amri inayowalinda, na pengine wanawake wengine wengi pamoja nao. Angesema kweli, angekuwa mtumishi wa umma aliyekiri kwa kiapo kwamba aliandika uongo mara nyingi na kuugonga mhuri, jambo ambalo lina kifungo.

Alianza kwa kwenda kuungama, na Baba Paroko wa wakati ule alipomwuliza kosa hilo amelifanya mara ngapi, alijibu, "Sijui bado, Padre, jalada linasema arobaini na moja, naomba wiki moja nizihakiki," na hili alilisimulia mwenyewe, hatujavunja siri ya mtu. Kapitani alimjia nyumbani akamwambia, "Manang, ukisema uliandika uongo, na mimi nilitia sahihi. Tutakwenda kula wali wa jela sote wawili," na mumewe Eleuterio, aliyekuwa anashona wavu, akasema bila kuinua kichwa, "Nendeni. Angalau huko watu hawakopi samaki." Na wiki moja kabla ya shauri alikuja Virgilio mwenyewe, akauchukua mkono wa Ninang wake akaugusisha kwenye paji la uso, kama mtoto mwenye adabu, akasema, "Sikuombi uongo, Ninang. Nakuomba useme tu ulichoandika." Manang akamwuliza, "Umekula, mwanangu?" akampakulia wali na mwatiko wa kukaanga, Virgilio akala, akashukuru, akaondoka.

Siku ya Jumatano tarehe 17 Juni 2009 alipanda kizimbani Iloilo, akaapa, na wakili akamwonyesha karatasi ya kwanza akamwuliza kama sahihi ni yake, akasema ndiyo, akamwuliza kama yaliyomo ni kweli, akasema, "Hapana." Wakili akamwuliza ni ipi basi iliyo kweli, na Manang akaomba kikombe cha maji, kisha akazipitia zote, karatasi moja hadi nyingine, bila kitabu, akitaja mwezi, aliyepigwa, alipigwa na nini, na watoto walikuwa wapi. Ilichukua saa mbili na nusu. Thelathini na saba, alisema, mume alimpiga mke na mke hakuinua mkono. Tatu, kweli walipigana. Na alipofika karatasi ya kumi na tisa alisema, "Hii, mke ndiye aliyempiga mume, kwa mchi," na ukumbi ukacheka, na jaji akagonga meza. Mzee Celestino yupo benchi la nne, na ruhusa ya kulisema hili alitupa mwenyewe, akisema, "Semeni tu, hata mke wangu mpaka anakufa alikuwa akiringa nalo."

Wakili aliifurahia karatasi hiyo kuliko zote, akasema, "Kwa hiyo yupo mwanamume aliyepigwa, na sheria hii haimtambui!" Manang akasema, "Yupo, Bwana Wakili, na sipendi alivyofanyiwa, na sheria nyingine ipo ya kumsikiliza. Lakini alipotoka ofisini kwangu alirudi nyumbani akalala. Wale wa karatasi thelathini na saba walikuja na nguo za watoto ndani ya mfuko, na mimi nikawaandikia karatasi wakarudishwa." Wakili akamkumbusha kwamba anajitia hatiani. Akasema anajua, ndiyo maana amevaa viatu vya kutembelea mbali.

Kisha akaongeza jambo ambalo hakuulizwa. Karatasi ya ishirini na sita, ya Machi 1998, mke aliyetajwa humo kwamba amekiri na amesamehe, alizikwa Mei mwaka uleule, na ile ndiyo karatasi ya mwisho yenye jina lake akiwa hai. Jina hilo hatutalisoma, jamaa zake wapo.

Gharama yake ilikuja mara moja. Tarehe 30 Septemba 2009 aliondolewa kazini baada ya miaka ishirini, bila sherehe, Virgilio akamfungulia malalamiko ya kughushi nyaraka, yaliyomning'inia shingoni mpaka tarehe 8 Machi 2011 mwendesha mashtaka alipoyafuta, na miongoni mwa wanawake wa zile karatasi thelathini na saba, watatu hawakumsemesha tena, kwa sababu mambo ya vyumbani mwao yalisemwa hadharani bila kuulizwa, na Manang alikubali kwamba wana haki, hakuwahi kuwanung'unikia. Wawili kati yao wamekuja leo, na familia inawashukuru.

Jaji alitoa uamuzi tarehe 4 Mei 2010, akakataa kuibatilisha sheria, akaifanya amri ya Merlinda kuwa ya kudumu. Virgilio alikata rufaa Cebu, akashindwa, akaenda Manila, na huko mambo yakalala, mpaka mahakama ya juu kabisa ilipoamua, katika shauri la watu wengine, kwamba kuwalinda kwa namna ya pekee wanaoumizwa zaidi si kuvunja usawa, kisha mwaka 2014 ombi la Virgilio nalo likatupwa. Merlinda alipoleta karatasi hiyo, Manang alikuwa anaanika nguo, akauliza, "Kurasa ngapi?" Merlinda akasema moja na nusu, na Manang akasema, "Miaka sita, ukurasa mmoja na nusu. Hata mimi nilikuwa naandika ndefu zaidi."

Tangu hapo hadi alipougua alifundisha katekisimu kila Jumamosi, na kila Jumatatu alikaa kwenye meza ndogo ya ofisi ya parokia kuwasaidia wanawake kujaza maombi ya amri ya ulinzi, na waliokaa naye wanasema alikuwa na neno moja tu, "Niambie kilichotokea, si tunachopaswa kuandika."

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo mwezi Julai 2019, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki hospitali ya Iloilo, Jumatatu akisindikizwa na Roselyn na Alhamisi akisindikizwa na Merlinda, kwa miaka mitatu na zaidi, mpaka moyo nao ulipochoka, akalazwa tarehe 2 Machi 2023, akapokea Mpako Mtakatifu tarehe 7, na siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi, saa tano asubuhi, Bwana akamwita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, miezi mitatu na siku kumi na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakuchoka naye hata siku alizochoka yeye, inawashukuru jirani wa Tabuk kwa kahawa, biskuti, kuni na sala za siku tisa, inawashukuru Wanawake wa Parokia, makatibu wenzake wa vijiji vya Lanitan waliokuja wote na sare, na Kapitani wa sasa aliyetupatia mgambo wawili wa kulinda mlango wa msiba, na sababu ya mgambo hao inafaa kuelezwa, ili asitukwaze mtu kwa maswali.

Kwa desturi, jeneza la Ninang hubebwa na watoto wake wa ndoa, yaani wale aliowasimamia ndoa zao, na wazee wetu waliona ni vema Virgilio na Merlinda waitwe wote wawili. Shangazi yetu mmoja alisema, "Mbele ya maiti hakuna ugomvi. Washikane mikono mara moja tu, Presing afurahi, kisha kila mtu aende zake." Alisema kwa nia njema, na wengi waliitikia. Eleuterio akasema, "Presing aliandika mapatano arobaini na moja. La arobaini na mbili halitaandikwa juu ya jeneza lake." Amri ya mahakama haijaondolewa, na mwenye haki ya kuomba iondolewe ni Merlinda peke yake, naye hakuombwa, wala hataombwa na mtu wa familia hii.

Kwa hiyo Virgilio alipewa asubuhi ya Jumanne, Merlinda akiwa Iloilo, akaja, akapiga magoti, akambusu Ninang wake juu ya kioo cha jeneza, akamwomba Eleuterio ruhusa ya kubeba leo, akaambiwa hapana, akakubali, akaondoka kwa saa aliyopangiwa. Tunamshukuru kwa kutii, na tunamwombea kama tunavyomwombea mtu mwingine yeyote.

Sasa tunawaomba watoto sita wa ndoa wa marehemu wasogee, na walio mlangoni wapishe njia. Mbele, upande wa kulia, mahali pa mtoto wa kwanza, atashika Merlinda.

Nenda sasa, Manang, kwa Yule anayejua kilichotokea bila kuandikiwa, ukapumzike katika amani yake.